Nimemzika mwanangu, kanisani wananiuliza nimekosa nini

Shikamoo shangazi. Nina miaka 34, naishi Morogoro. Mwezi wa nne nilimzika mwanangu wa kwanza, alikuwa na miaka saba, mgonjwa wa selimundu, ule ugonjwa wa damu (sickle cell). Usiku ule damu ya kumwongezea haikuwepo, tukaambiwa tusubiri, kulipokucha hayupo. Siku ya tatu ya msiba mtumishi mmoja aliniita pembeni, akaniambia nijichunguze: kuna dhambi sijaitubu, au ni laana ya ukoo wetu. Mama mkwe amelidaka neno hilo mpaka leo. Wanataka niende kwenye maombi ya kufunguliwa na sadaka ya shilingi laki mbili. Mume wangu ni mzee wa kanisa. Nikimuuliza Mungu wa haki alikuwa wapi usiku ule, anasema ninakufuru. Naimba kwaya, lakini wakisema "Mungu ni mwema" nashindwa kuitikia "kila wakati". Je, Mungu ni wa haki kweli? Na mimi nimeshapotea? Nimebaki na binti wa mwaka mmoja na nusu. Naye siku hizi vidole vinavimba, analia usiku kucha. Bibi yake anasema ni meno.
Mama, Morogoro

Marahaba mwanangu. Pole. Pole sana.

Nitaanza na sentensi zako za mwisho, hizo ulizoziandika kama nyongeza tu. Meno hayavimbishi vidole. Kwa mtoto wa umri huo ambaye kaka yake alikuwa na selimundu, kuvimba vidole vya mikono au miguu pamoja na maumivu ni dalili inayojulikana ya ugonjwa huo huo, na mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza. Mpeleke hospitali, usingoje Jumapili ipite. Waambie kwa maneno haya: "Kaka yake alikuwa na selimundu, naomba huyu apimwe." Akipata homa kabla ya hapo, ni dharura, hata kama ni saa nane za usiku. Inawezekana hana. Akiwa nayo, kujulikana mapema kunabadilisha mengi: kuna dawa ya kuwakinga watoto wadogo na maambukizi, kuna chanjo, kuna haidroksiyurea inayopunguza yale maumivu makali. Hiyo laki mbili ya kufunguliwa imeshapata kazi.

Sasa tuje kwenye laana ya ukoo wenu. Mtoto hapati selimundu mpaka airithi kwa baba na kwa mama, wote wawili. Wazazi wanaobeba nusu nusu wenyewe huwa wazima kabisa, wala hawajui, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Kwa hiyo kama ni laana, mama mkwe wako akubali kwamba nusu yake imetoka kwake au kwa mumewe. Simaanishi ukamwambie hivyo. Mtu aliyefiwa na mjukuu naye anatafuta pa kushika, na pa karibu kabisa ni wewe. Lakini baba wa mtoto anaweza kumwambia, tena inampasa, kwa kuwa ni mama yake.

Nina hakika mtumishi yule alikusomea ule mstari wa Kutoka, wa Mungu kupatiliza wana maovu ya baba zao. Msomee na yeye Ezekieli 18:20: "Mwana hatauchukua uovu wa baba yake." Halafu msomee Yohana 9. Wanafunzi wanamwona kipofu wa tangu kuzaliwa, na swali lao ni lile lile la mtumishi wako: nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake? Yesu anajibu kwamba si huyu wala wazazi wake. Katika Luka 13 anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu: mnadhani wao walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu? "Nawaambia, Sivyo." Najua watakurukia na maneno yanayofuata, "lakini msipotubu". Hayo aliambiwa nani? Aliwaambia wazima waliosimama pale wakijadili vifo vya wenzao. Hakwenda msibani kumvuta mama mfiwa pembeni.

Halafu kuna Ayubu. Misibani kwetu Ayubu huwa anakatwa kwenye sura ya kwanza: Bwana alitoa, Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe, tunaimba, tunaenda kula. Kitabu kina sura 42! Sura ya tatu tu, mtu huyo huyo anailaani siku aliyozaliwa. Kuanzia hapo anamlalamikia Mungu, anamdai, anataka wakabiliane kama watu wenye kesi. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walianza vizuri: walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu, maana walisema kile kile ulichoambiwa wewe, jichunguze, Mungu hamwonei mtu. Walijiona wanamtetea Mungu. Mwishoni Mungu anamwambia Elifazi kwamba amemkasirikia yeye na wenzake, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Anawaagiza wapeleke ng'ombe saba na kondoo saba wa sadaka, tena waende kwa Ayubu huyo huyo awaombee. Ona nani anadaiwa sadaka hapo.

Mumeo anayeogopa kufuru naye aisome sura hiyo ya 42 taratibu. Aliyelalamika ndiye aliyeambiwa amenena sawa.

Jambo moja kuhusu Ayubu huwa linanikera nikilisikia madhabahuni: kwamba alirudishiwa vyote mara mbili. Mifugo, ndiyo, ilirudi mara mbili. Watoto walikuwa kumi wakafa, akapata wengine kumi. Mabinti wa baadaye tunaambiwa hadi majina, Yemima, Kesia na Keren-hapuki. Wale kumi wa kwanza hawatajwi jina hata mmoja, wala hawakurudi. Mtu akikwambia "Mungu atakupa mwingine", una ruhusa yangu kuondoka hapo alipo.

Hayo yote ni ya kuondoa lawama juu yako. Swali lako lenyewe bado liko, na sitakudanganya: likishaondolewa la dhambi linakuwa gumu zaidi. Ingekuwa ni adhabu, tungejua sababu. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti alioufanya huku kwetu Afrika Mashariki, akaonyesha kwamba aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana ugonjwa huu umejaa penye mbu wengi, Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ndiyo maana Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nao. Yaani kile kile kilichowaokoa wewe na mumeo na malaria mlipokuwa wadogo, kilipokutana ndani ya mwanenu, kilimuua. Hapo hakuna mkosaji. Na Mkristo anayesema ulimwengu huu umeumbwa na Mungu mwema lazima akae na jambo hilo, asilikimbie.

Wakubwa wa imani wamejaribu. Augustino alisema uovu si kitu kilichoumbwa, ni upungufu wa wema, na mlango wake ni hiari ya viumbe. Wengi tunategemea hiyo hiari mpaka leo. Inaeleza vita, inaeleza wizi, pengine inaeleza hata kwa nini benki ya damu ilikuwa tupu usiku ule, kwa sababu damu hiyo hutolewa na watu na hupangwa na watu. Chembe ya damu ya mtoto wa miaka saba hiari yake iko wapi? Ireneo, aliyemtangulia Augustino, aliona binadamu aliumbwa akiwa bado mchanga, wa kukuzwa polepole, na wapo waliojenga juu ya wazo hilo kwamba mateso hukomaza. Wengine yanawakomaza, wengine yanawavunja, na mtoto aliyekufa hakupewa muda wa kukomaa. Leibniz, mwanafalsafa Mjerumani, mwaka 1710 aliandika kwamba huu ndio ulimwengu bora kati ya yote iliyowezekana. Miaka 45 baadaye, tarehe 1 Novemba 1755, tetemeko liliivunja Lisbon, mji mkuu wa Ureno, asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa ibadani, makanisa yakawaangukia. Tangu hapo hoja yake imekuwa ngumu kuisema mbele ya mfiwa, nami sitaisema mbele yako.

Kwa hiyo, je, Mungu ni wa haki? Naamini ni wa haki, na sijui usiku ule haki yake ilikuwa wapi. Yote mawili nayabeba. Sababu yangu ya kubaki si kwamba nimepata maelezo. Ni kwamba Mungu ninayemsoma kwenye Injili alikuja kwenye msiba wa Lazaro, Martha akamwambia usoni kwamba angalikuwapo ndugu yake hangalikufa, naye hakumkemea. Alilia. Na msalabani yeye mwenyewe aliuliza swali lako, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?", maneno aliyoyatoa katika Zaburi ya 22. Kama ni kufuru, ilianza mbali. Inaweza isikutoshe, nakuelewa. Wako waliofika ulipofika wewe wakashindwa kuendelea kuamini, na siwezi kuwaita waovu.

Umeuliza kama umepotea. Mtu aliyeacha kuamini hana wa kumgombeza. Wewe bado unagombana na Mungu kila Jumapili.

Kuhusu kwaya: mwambie mwalimu wenu unapumzika, bila kutaja utarudi lini. Kaa kwenye viti na waumini wengine, na usichoweza kukiitikia usikiitikie. Ukitaka kuomba na maneno hayaji, soma Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za malalamiko humalizia kwa sifa. Hiyo inaishia gizani, na waliokusanya Biblia waliiacha hivyo hivyo. Kwenye maombi ya kufunguliwa usiende. Anayekuombea hakutozi.

Mumeo ndiye ninayemfikiria zaidi baada yako na binti. Naye amezika mtoto, tena ni mzee wa kanisa, watu wanamtazama kwa imani yake. Nahisi anakunyamazisha kwa sababu swali lako analo. Usimshindanishe na mistari niliyokuandikia. Mwombe mwende hospitali wote wawili na mtoto, na kwa kuwa mtakaa foleni muda mrefu, muulize yeye usiku ule alikuwa anamwambia Mungu nini. Akikujibu, msikilize mpaka mwisho kabla hujasema la kwako.