"Gastatelier" na "beurs": usikimbilie kutafsiri

Dada, salaam. Umeuliza kama neno "atelier" kwenye tangazo lako la Kiholanzi la makazi ya wasanii libaki hivyo hivyo kwa Kiingereza. Mimi nisingeliacha. Kwa Waholanzi ni chumba cha kazi cha msanii, basi. Kwa Kiingereza linanukia Paris na washonaji wa mavazi ya kifahari. Andika "studio". Kwa hiyo gastatelier ni "guest studio", ila soma tangazo lote kwanza. Kama msanii analala humo humo, liseme waziwazi, maana neno hilo peke yake halimwambii mgeni kama kuna kitanda.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni "beurs", maana lina maana kadhaa. Werkbeurs ni fedha za kumwezesha msanii afanye kazi yake: "grant". Kunstbeurs ni maonyesho ya kuuzia sanaa: "art fair". Halafu jengo la Beurs van Berlage kule Amsterdam, lililofunguliwa 1903, lilijengwa kuwa soko la kubadilishana bidhaa ("exchange")! Ukichanganya hapo, mtu atafungasha michoro akauze, kumbe alipewa pesa atulie achore.

Beeldend kunstenaar ni "visual artist", halina shida. Neno residentie kwa kawaida ni makazi ya wasanii, "residency", lakini ukikuta Residentie kwa herufi kubwa, tazama vizuri: huenda ni jina la utani la mji wa Den Haag, kama ilivyo kwa okestra yake, Residentie Orkest.

Majina ya taasisi usijitungie. Rijksakademie ya Amsterdam, taasisi ya makazi ya wasanii, hubaki Rijksakademie hata kwa Kiingereza.