Kabla hujatuma hela China, uliza bidhaa inatoka jimbo gani

Wengi wanaonitafuta kuhusu kuagiza mzigo China huanza na viza au bei ya kontena. Mimi huanza na swali langu: unataka kuuza nini? Vigae, masinki na makochi vitakupeleka Foshan. Taa za mapambo ziko Guzhen, mji mdogo ndani ya Zhongshan. Vitambaa ni Keqiao, upande wa Shaoxing. Raba ni Jinjiang, jimbo la Fujian. Vibanio vya nywele, maua ya plastiki na vikorokoro vyote vya duka la mtaani, nenda Yiwu.

Guangzhou, mji ambako Waafrika wengi tunashukia, una viwanda vyake, lakini sehemu kubwa ya tunachokiona kwenye mitaa yake ya Xiaobei na Sanyuanli ni maduka. Muuzaji mmoja atakuonyesha feni, mabegi na nywele bandia, na kila kimoja atakuambia "kiwanda changu". Huyo ni winga, yaani dalali, kama wa Kariakoo, ila ana kiyoyozi.

Kwa nini kila bidhaa ina kwao? Nchi ile haikuinuka yote kwa mpigo. Mwaka 1980 serikali ilianza kuzifanya Shenzhen, Zhuhai, Shantou na Xiamen kanda maalumu za kiuchumi, na 1984 ikafungua miji mingine 14 ya pwani kwa wawekezaji wa nje. Mitaji ya Hong Kong na Taiwan ikamiminika huko, vijana wa Sichuan, Hunan na Henan wakapanda treni kufuata ajira. Mji ukishashika bidhaa moja, wauza vifungo, gundi na maboksi wanahamia jirani, na mafundi wanarithishana kazi. Kisha mishahara na pango la pwani vikapanda. Viwanda vinavyotaka mikono mingi vikaanza kusogea majimbo ya ndani, vingine vikaenda Vietnam. Hata kima cha chini cha mshahara China kila jimbo hujipangia, na Shanghai au Guangdong huwezi kuwalinganisha na Guizhou.

Hapo ndipo watu husikia "viwanda vya ndani ni rahisi" na kukimbilia huko. Taratibu. Inategemea uzito wa mzigo.

Chukua nywele bandia. Mji wake mkubwa ni Xuchang, jimbo la Henan, mbali na bahari. Lakini nywele ni nyepesi na zina thamani. Begi moja tu ni mtaji wa mtu, na zinapanda ndege. Kukaa mbali na bandari hakuziumizi. Sasa chukua pikipiki. Chongqing iko ndani kabisa, kwenye mto Yangtze, na ni makao makuu ya pikipiki za Kichina kwa sababu ya kihistoria: miaka ya 1960 serikali ilisukuma viwanda vya silaha na mashine milimani, mbali na maadui, na baadaye baadhi ya viwanda vya silaha vya Chongqing vikageukia pikipiki. Jialing, kiwanda cha zana za kijeshi, kilianza kuziunda 1979. Pikipiki ni chuma. Ishuke na mto mpaka Shanghai, au ipande treni kwenda bandari za kusini, ndipo ianze safari ya Dar. Kwa hiyo bei ya mlangoni kwa kiwanda isikuleweshe. Omba bei ya FOB, yaani bei yenye gharama zote mpaka mzigo upakiwe melini China, na bandari itajwe kwa jina, ndipo ulinganishe na muuzaji wa pwani.

Namna ya kujua mtu anatoka wapi? Mwombe leseni ya biashara. Ina namba ya tarakimu na herufi 18. Ruka mbili za mwanzo, tazama mbili zinazofuata: 44 ni Guangdong (jimbo la Guangzhou na Foshan), 33 Zhejiang (la Yiwu na Keqiao), 35 Fujian, 41 Henan, 50 Chongqing. Mtu anayejiita mwenye kiwanda cha raba cha Jinjiang huku leseni inasema 44 ana maelezo ya kutoa. Si lazima awe tapeli, huenda ni dalali tu, na dalali ana faida yake ndani ya bei. Ulipe ukijua.

Tofauti hii ya majimbo itakugusa pia Mwaka Mpya wa Kichina, Januari au Februari. Wafanyakazi wa pwani wanarudi kwao bara, na si wote wanaorejea; siku hizi wengine wanapata kazi karibu na nyumbani. Kiwanda kinafungua kikiwa na wageni kwenye mashine. Oda ninayoitegemea siiachi iangukie wiki hizo. Mzigo wa Februari uwe umeshaondoka bandarini mapema Januari, na ule wa baada ya sikukuu ukaguliwe mara mbili.

Kama mtaji wako ni wa kichele, yaani unachanganya mzigo na wenzako kwenye kontena moja, usihangaike kwenda Xuchang wala Chongqing. Kiwanda kitakutajia kiwango cha chini cha oda usichokiweza, na nauli ya ndani itakula faida. Nunua Guangzhou au Yiwu, mlipe dalali chake, uone bidhaa ipi inajirudia dukani kwako. Ikijirudia, ndiyo uifuate kwao. Kwa wa vigae na samani ni rahisi zaidi: Guangzhou na Foshan zimeunganishwa kwa metro tangu 2010, unakwenda asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo hata mwenye mtaji mdogo hana sababu ya kununua bila kuona.