Kipande kilichotolewa tumboni kilipelekwa wapi?

Maumivu yalianzia kitovuni usiku. Alfajiri yalikuwa yameteremka chini upande wa kulia, natapika, mguu haunyooki. Majirani hapa Nyalenda walisema ni taifodi, kama tulivyozoea kusema Kisumu tumbo likiuma. Shemeji hakuwasikiliza, alinipakia kwenye tuktuk.

Daktari alinibonyeza akaachilia ghafla, nikapiga mayowe. "Mama, hii ni apendiksi," yaani kile kijiutumbo kidogo cha upande wa kulia kimevimba. Nilipasuliwa siku hiyo hiyo. Nyuzi zilipotolewa nikarudi kuuza omena soko la Kibuye.

Kwenye karatasi ya kuruhusiwa palikuwa na mstari mmoja: jibu la maabara la kipande kilichotolewa lichukuliwe baada ya wiki mbili. Sikwenda. Wiki ya saba mdogo wangu, ambaye ni muuguzi, akaniuliza, "Dada, jibu liko wapi?" Nikamwambia mbona nimeshapona. Akasema, "Kilichopona ni kidonda."

Jibu lilisema kwenye ncha ya apendiksi palikuwa na uvimbe wa milimita 8, karsinoidi, aina ya saratani ambayo madaktari siku hizi huiita uvimbe wa nyuroendokrini. Ultrasaundi haikuuona, wala daktari aliyenipasua. Aina hii huota polepole, na mara nyingi hugunduliwa hivi hivi, chini ya hadubini, baada ya mtu kupasuliwa kwa sababu ya apendiksi ya kawaida. Uvimbe ukiwa chini ya sentimita 1 na umetoka wote, kwa kawaida upasuaji ule ule unatosha. Ukizidi sentimita 2, mara nyingi hulazimu kurudi kukatwa sehemu ya utumbo mpana. Mimi nilikaa wiki saba bila kujua niko upande upi.

Kwa hiyo kabla hujatoka wodini, uliza: kipande kimepelekwa maabara? Nani atanipa jibu, na lini? Ukiambiwa kinapelekwa nje kwa malipo, tafadhali lipa, hata kama ni kwa mchango wa chama. Kama umepita miaka 40, uliza pia kuhusu kolonoskopi, kipimo cha kuangalia utumbo mpana kwa kamera, kwa sababu uvimbe wa utumbo mpana unaweza kuziba mlango wa apendiksi na kuleta maumivu yale yale.

Na watoto wetu wa ukanda huu wa ziwa, wenye malaria nyingi, wanaweza kupata limfoma ya Burkitt, aina ya saratani, tumboni. Huo uvimbe unaweza kufanya utumbo ujimeze, sehemu moja ikaingia ndani ya nyingine, mtoto aumwe kwa vipindi na kutapika. Mkimbize hospitali, usimpe dawa ya minyoo ukasubiri kesho. Akipasuliwa, fuata jibu lake pia. Omba nakala, uiweke pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.