Mtoto anayejaza mawe ndani: msiyatupe, mpeni daftari na msumari

Dada, umesema kijana wako wa miaka 7 kila akitoka kucheza anarudi na mawe mfukoni, na baba yake anataka yatupwe. Nakusihi yasitupwe. Binti yangu alianza hivyo hivyo hapa Mwanza, na mimi ndiye ninayezunguka naye.

La kwanza ni kuandika jiwe limetoka wapi. Hilo kwangu lina uzito kuliko uzuri wa jiwe lenyewe. Tunapaka tone la rangi nyeupe ya kucha, likikauka anaandika namba kwa kalamu, kisha daftarini anaandika namba ile, mahali na tarehe. Mawe yanakaa kwenye trei za mayai. Trei zikijaa anachagua mwenyewe lipi litoke, na lazima aseme sababu.

Halafu mfundishe kukwaruza, ili ajue ugumu wa jiwe. Kucha inatosha kukwaruza ulanga (madini laini yanayometa), msumari unakwaruza jiwe la chokaa, ila kwatsi, madini magumu, inaacha alama kwenye chupa ya soda. Friedrich Mohs wa Ujerumani alipanga madini kwa njia hii mwaka 1812, kuanzia talki, iliyo laini kuliko yote, yenye 1 hadi almasi, iliyo ngumu kuliko yote, yenye 10, na wanajiolojia bado wanaitumia. Huku Kanda ya Ziwa mtoto akiona kitu kinameta kwenye kokoto anapiga kelele "dhahabu!" Mpe pini achokonoe. Ulanga hubanduka vipande vyembamba kama karatasi. Dhahabu haibanduki, inabonyea tu. Binti yangu alipolijua hilo, watoto wa mtaa mzima wakawa wanamletea mawe awapimie. Baadaye akauliza majabali yetu yana umri gani. Ni zaidi ya miaka bilioni 2.5, na alinyamaza kwa muda mrefu.

Kama mko pwani, kwaruza jiwe la matumbawe litoe unga, dondoshea siki: utaona vipovu. Itale, yaani granaiti, halifanyi hivyo.

Kupasua kwa nyundo ni kazi ya mtu mzima, tena kwa miwani ya kukinga macho, maana vipande huruka. Mashimo ya machimbo asiyasogelee kabisa. Na ndani ya hifadhi za taifa msichukue hata kokoto.

Baba yake mpe kazi ya kushika daftari Jumamosi moja, mtoto aongoze njia. Mko mkoa gani? Nikijua nitakutajia mawe ya kuanzia.