Windows 7 kwenye mashine ya leo: maswali yenu

Nilipotaja hapa kwamba bado nahudumia mashine mbili za Windows XP, wengine walinicheka, lakini waliobaki wakaniletea maswali. Haya ndiyo ya wiki hii.

Shikamoo fundi. Nina duka la vifaa vya ujenzi Mwanza. Programu yangu ya hesabu inakubali Windows 7 tu, na aliyeitengeneza simpati tena. Mazabodi imekufa. Muuzaji anataka nichukue mashine mpya, Core i5 kizazi cha 12, anasema atanipigia Windows 7 humo humo. Ataweza?

Marahaba. Mwambie aipige kwanza uione inawaka, ndipo utoe hela.

Kizazi cha mwisho cha prosesa za Intel kilichokubaliwa rasmi na Windows 7 ni cha 6, kile cha mwaka 2015. Kuanzia cha 7, na prosesa za Ryzen za AMD za mwaka 2017, Microsoft walifunga hata masasisho. Windows 7 inaweza kuwaka kwenye baadhi ya mashine hizo, lakini kizazi cha 12 ni kujitesa: draiva ya picha (programu inayoiunganisha Windows na kifaa) hakuna, na bodi nyingi za siku hizi zimeondoa CSM, ule mpangilio wa BIOS (programu ya bodi inayowasha mashine kabla ya Windows) ambao Windows 7 huutegemea ili iwake.

Kwa kazi yako ingia kwenye mitumba utafute Dell OptiPlex 7010 au HP Compaq Elite 8300, zote za kizazi cha 3. Ila mwaka 2023 Dell walilirudia jina 7010 kwenye mashine mpya kabisa, kwa hiyo usinunue kwa jina. Soma namba ya prosesa: i5-3470 ni kizazi cha 3, i5-12400 ni cha 12.

Kama programu haina kifaa chochote kinachochomekwa nyuma ya mashine, mimi ningefanya vingine kabisa. Nunua hiyo mpya, iache na Windows 11 yake, weka VirtualBox, programu inayounda kompyuta ndani ya kompyuta, kisha Windows 7 iishi ndani yake kama mpangaji. Siku ikiharibika unairudisha kutoka kwenye nakala, na mazabodi ikifa tena unaihamishia mashine nyingine kama faili tu.

Salaam aleikum. Nadarizi nembo za sare za shule, Mombasa. Mashine ya kudarizi inapokea michoro kwa waya wa serial kutoka kompyuta ya XP, na programu ina kidude cha leseni kinachochomekwa kwenye tundu la printa la zamani. Kompyuta imechoka. Nichukue ipi?

Waaleikum salaam. Wewe ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote wiki hii, kwa sababu kinachokufunga ni matundu.

Anza na kidude. Zile waya za kutoka USB kwenda tundu la printa zinauzwa kila mahali, na hazitakusaidia. Kompyuta huziona kama printa, basi; kidude cha leseni hakizungumzi lugha hiyo. Kadi ya ndani inayochomekwa kwenye PCIe, nafasi ya kadi kwenye mazabodi, ni afadhali, lakini programu nyingi za zamani hulitafuta tundu kwenye anwani 378 peke yake, na kadi hizi kwa kawaida hukaa kwenye anwani nyingine. Programu ikikubali kubadilishiwa anwani, umepona. Ikikataa, tafuta mashine yenye tundu lenyewe kwenye mazabodi, kama Dell OptiPlex 780. Iangalie nyuma kabla ya kulipa: tundu pana lenye mashimo 25, na dogo lenye pini 9 kwa ajili ya serial. Ukiyaona yote mawili, hiyo ni yako, hata kama kava limechubuka.

Kwa XP usivuke kizazi cha 3. Ukifika cha 4, draiva za picha zinakuwa tabu.

Ukishaipata, ingia BIOS na ubadilishe SATA (njia ya diski) kutoka AHCI kwenda IDE, mpangilio wa zamani ambao XP inaujua. Usipofanya hivyo utaona skrini ya bluu yenye 0x0000007B na utadhani umeuziwa mbovu. Nimeshuhudia mtu akirudisha dukani mashine nzima kwa ajili ya mstari huo mmoja.

Na kabla ya yote hayo, leo hii, nakili ile diski ya zamani yote kama ilivyo. Kompyuta unaweza kununua nyingine. Ile programu na michoro yako utaitoa wapi?

Fundi, napiga Windows 7 kwa flashi kwenye mashine ya kizazi cha 6. Kibodi inafanya kazi kwenye BIOS, lakini nikifika pa kuchagua lugha, kibodi na kipanya vyote vinakufa. Mara nyingine inadai draiva ya CD wakati CD situmii!

Bodi za kizazi hicho ziliondoa kidhibiti cha USB 2, na Windows 7 ilitoka mwaka 2009 bila draiva ya USB 3. BIOS inapoachia usukani, taa nyekundu chini ya kipanya inazimika na wewe unabaki kutazama skrini. Hiyo "draiva ya CD" ni flashi yako mwenyewe: Windows imeanza kuwaka kutoka humo, sasa haiioni tena.

Ingiza draiva za USB 3 ndani ya flashi kabla ya kuanza. Watengenezaji wa bodi kama Gigabyte walitoa programu ndogo ya kazi hiyo. Kama bodi ina tundu la duara la PS/2, kibodi ya zamani itakuvusha, na DVD ya SATA itachukua nafasi ya flashi. Kama SSD yako (diski isiyozunguka) ni ya NVMe, aina mpya isiyopita njia ya SATA, nayo inahitaji draiva yake. Weka ya SATA ulale.

Nimeongeza RAM hadi 8GB, XP inaonyesha 3.25. Nimeibiwa?

Hapana. XP yako ni ya biti 32, na mwisho wake ni 4GB, nyingine zinaliwa na vifaa. Kampe RAM hiyo mtoto wa shule mwenye kompyuta inayokwama na inayoikubali.

Windows 7 naweza kuitumia kwa benki mtandaoni?

Usithubutu. Microsoft waliacha kuihudumia watu wa kawaida tarehe 14 Januari 2020, na Chrome iliishia toleo la 109. Mei 2017, kirusi cha WannaCry, kile kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia, kilipopita, mashine nyingi zilizokumbwa zilikuwa za Windows 7, na wakati ule ilikuwa bado inahudumiwa. Benki fanya kwenye simu. Ile kompyuta ichomoe waya wa mtandao, na flashi za wateja zisiingie humo kabla ya kukaguliwa kwenye mashine nyingine.

Diski mpya ya 4TB, Windows 7 inaona 2TB tu.

Imepangwa kwa MBR, mfumo wa zamani wa kugawa diski usiovuka 2TB. Hamisha vilivyomo, igeuze iwe GPT, mfumo mpya, utaiona yote. Kwa XP ya biti 32 usijisumbue, GPT haiijui.