Kona ya Picha: Flashi imegoma kwenye kamera yangu, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi ni kijana wa Mafinga, napiga picha za kipaimara, mahafali na za familia majumbani kwa watu. Natumia Canon 4000D na lenzi yake ya kawaida, na hivi karibuni nimepata ya 50mm f/1.8. Mchana kivulini natoa picha nzuri tu ila ikifika jioni au tukiwa ndani nikiinua kile kiflashi cha kamera sura zinakuwa bapa kama picha ya kitambulisho, paji la uso linang'aa alafu ukutani kinajichora kivuli cheusi. Nikaazima flashi ya Yongnuo YN560 kwa jamaa yangu, kwake inapiga vizuri kabisa, kwangu nabonyeza mpaka nachoka haiwaki hata mara moja. Naogopa kamera imekufa. Nina laki 3, ninunue flashi gani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, kamera yako haijafa, tulia. Fanya hivi, ichukue sasa hivi uangalie pale juu panapochomekwa flashi. Utaona vidoti vinne vidogo vya chuma vimekaa upande mmoja. Sasa azima kamera ya jamaa yako ulinganishe, kwake katikati kabisa kuna kidoti kingine kikubwa peke yake, kwako hapo ni plastiki tupu. Canon walikitoa hicho cha katikati kwenye 4000D, na 2000D na 250D nazo ni hivohivo, na flashi za bei ya chini kama hiyo Yongnuo zinategemea hichohicho kimoja kupokea amri ya kuwaka. Kwa hiyo shata inafunguka, inafunga, flashi haijaambiwa kitu. Inaniuma sana kwa sababu hizi ndo kamera ambazo vijana wengi wanaanzia, mtu anatunza hela miezi, ananunua, alafu dukani hakuna aliyemwambia.

Kabla hujatoa hata shilingi, usimrudishie jamaa yako flashi leo. Iwashe, bonyeza kitufe cha modi mpaka isome S2, iweke mezani au mtu aishike pembeni kama mita moja na nusu kutoka kwa anayepigwa, alafu inua kiflashi cha kamera yako upige. Itawaka. Kwenye S2 inaona mwanga wa kile kidogo na kukifuata, na inajua kuruka ule mweko wa kwanza ambao Canon wanautoa kupima mwanga kabla ya picha yenyewe. Ukiweka S1 itawaka mapema, kwenye picha hutauona mwanga wake, na hapo ndo wengi wanakata tamaa. Kile kidogo kipunguze kwenye menyu ya flashi mpaka -2 ili kisiharibu sura, maana kazi yake hapo ni kutoa ishara tu. Ubaya wa njia hii ni kwamba kwenye jua kali flashi haioni ishara vizuri, ila ndani ya nyumba na jioni inakutosha kabisa.

Sasa kununua. Mi ningechukua Godox TT600. Nayo utaiweka pembeni kwa S2 kama hiyo ya jamaa yako, siyo kuichomeka juu ya kamera. Haijipimii mwanga, unaipanga mwenyewe kwa mkono kuanzia nguvu yote mpaka 1/128, inatumia betri 4 za AA, ina S1 na S2, na ndani ina kipokeo cha redio tayari kwa hiyo siku ukipata hela ya trigga, kile kidude cha juu ya kamera kinachoiamuru flashi kwa redio, hununui kipokeo kingine. Bei yake huwa ni kama nusu ya zile zinazojipimia mfano TT685. Watu watakwambia chukua inayojipima, na kwenye harusi bibi harusi anatembea, umbali unabadilika kila hatua, sawa inasaidia. Lakini wewe unapiga mtu amekaa kwenye kiti, hasogei, ukishapanga mwanga mara moja unapiga picha hamsini bila kugusa kitu. Hiyo hela nyingine nunua stendi na mwavuli mweupe wa kupitishia mwanga, na nakwambia ukweli kabisa mwavuli utabadilisha picha zako kuliko flashi yenyewe. Ukiwa na flashi ya laki 8 umeichomeka juu ya kamera bado sura itakuwa bapa, kwa sababu mwanga unatoka palepale jicho lako lilipo, hauna upande.

Weka stendi pembeni kidogo mbele yake, kama nyuzi 45, mwavuli uwe juu ya kichwa chake ukiinama kumtazama. Kamera kwenye M (unapanga mwenyewe), shata 1/200 usipande zaidi ya hapo maana pazia la shata litakula kipande cha picha kiwe cheusi, ISO 100, f/5.6, flashi anza na 1/8. Piga moja alafu kuza kwenye skrini uangalie pua. Kivuli chake kinatakiwa kishuke kidogo kuelekea shavu bila kufika mdomoni, na kwenye mboni za macho uone duara jeupe, huo ndo mwavuli wako. Mboni zikiwa nyeusi tii ujue umeupandisha juu sana. Ngozi yetu nyeusi inapendeza mno ikipata mwanga mpana wa karibu, unapata ule mng'ao laini kwenye mfupa wa shavu badala ya doa jeupe kwenye paji, kwa hiyo usiogope kusogeza mwavuli mpaka unakaribia kuingia kwenye picha. Kumbuka tu ukiusogeza kutoka mita 1 kwenda mita 2 mwanga haubaki nusu, unabaki robo.

Kitu kingine, kwenye boksi watakuandikia namba 60 kama nguvu yake. Hiyo wanaipima kichwa kikiwa kimezumiwa mpaka 200mm, ukikifungua kijaze mwavuli nguvu inashuka sana, usishangae, ni kawaida. Betri nunua za kuchaji aina ya NiMH, za alkalaini zinachelewa kujaza flashi na kwa baridi ya huku kwetu mwezi wa 6 na wa 7 zinachoka haraka zaidi. Na stendi ifunge mfuko wa mchanga. Mwaka jana pale Uyole upepo ulibeba mwavuli wangu na stendi yake, flashi ikavunjika shingo mbele ya familia nzima iliyokuwa imeshajipanga na bibi yao amekaa katikati.

Trigga itakapofika zamu yake chukua Godox X2T ya kamera za Canon, toleo jipya, na uende na kamera yako mkononi uijaribu palepale dukani kabla ya kulipa, kwa sababu trigga nyingi za zamani nazo zinagoma kwenye hiyo kamera yako.

SWALI: Habari kaka, mimi niko Tukuyu. Marehemu baba alikuwa na studio na ameniacha na flashi yake Vivitar 283, bado inawaka. Naweza kuichomeka kwenye Nikon D3200 yangu?

JIBU: Pole sana dada yangu, na nafurahi umeitunza. Usiichomeke kwanza. Vivitar 283 za mwanzo zinatoa zaidi ya volti 200 pale mguuni mwake panapogusana na kamera na Nikon wanasema kamera zao mwisho 250, sasa kitu cha miaka hiyo mi nisingeweka roho juu kiasi hicho. Mpelekee fundi mwenye mita, aiwashe mpaka taa ya kuonyesha imejaa, apime kati ya kidoti cha katikati na ukingo wa mguu. Asiifungue tafadhali, ndani kuna kapasita inayobaki na umeme wa kama volti 300 hata betri zikiwa zimetolewa.

Njia salama zaidi ni kununua kile kijicho kidogo kinachoona mwanga wa flashi nyingine na kuiamuru hii iwake, hakikisha kinahimili volti za flashi za zamani, flashi ya mzee uivalishe hicho na isiguse kamera kabisa. Alafu kwenye menyu ya D3200 flashi ya ndani itoe TTL (kujipimia mwanga) uweke Manual (unaipanga mwenyewe), hapo haitoi mweko wa kupima, na hiyo ya baba itawaka nayo kwa pamoja.

SWALI: Kamwene. Niko Iringa mjini, nageuza flashi juu ipige darini ila sura zote zinatoka za rangi ya chungwa. Tatizo flashi?

JIBU: Kamwene. Angalia dari, naamini ni mbao zenye vanishi. Mwanga unabeba rangi ya kitu ulichogonga, kwa hiyo dari ya jipsamu nyeupe sawa, ya mbao hapana. Geuza kichwa cha flashi ukutani kama ukuta ni mweupe, na kama umepakwa kijani au pichi mwombe mwenye nyumba shuka jeupe, watu wawili walishike pembeni alafu pigia hapo.