Kabla hujampeleka mwenye kamera kwa bibi

Miaka michache iliyopita nilipanda Newala, mkoani Mtwara, na watu wa kamera waliokuwa wakitafuta mkalimani wa Kimakonde. Kazi ya siku mbili, posho nzuri. Walitaka "mwanamke wa asili kabisa", nami nikawapeleka kwa bibi mmoja ninayemfahamu tangu utotoni, mwenye nembo, zile chale za Kimakonde, usoni na alama ya ndonya, kile kipande cha urembo, kwenye mdomo wa juu.

Tulimkuta amejiandaa: doti mpya ya khanga, kilemba, kitochi chake kikining'inia shingoni. Wakamwomba abadilishe, avae kitenge cha shambani, simu aifiche, akae kwenye kinu. Akaniuliza kwa Kimakonde, "Mjukuu wangu, hawa nikipendeza wanapungukiwa na nini?" Nikacheka, wala sikuitafsiri. Kosa langu lilianzia hapo.

Alizungumza karibu saa nzima. Mnada wa korosho wa stakabadhi ghalani, malipo yanavyochelewa, salfa, dawa ya mikorosho, inavyopatikana miti ikiwa imeshadhurika, mikorosho yenyewe aliyoachiwa na mama yake. Video ilipotoka, alionekana akitwanga na kucheka. Neno lake hata moja halikusikika. Juu ya kicheko chake sauti ya mwanamume ilikuwa ikieleza maisha yasiyobadilika tangu enzi za mababu, na shamba likatajwa kuwa la mumewe. La mumewe! Marehemu babu alikuja pale na panga lake tu. Kwa Wamakonde ukoo unafuata upande wa mama, na bibi yule alikuwa ameeleza hivyo mbele ya kamera, pole pole, mara mbili.

Tangu siku hiyo kila picha ya mwanamke wa Kusini naitazama kwa jicho lingine. Kwenye vichekesho vya mitandaoni tunapewa panya wa kula na Kiswahili cha kuchekwa. Kwenye kurasa za "siri za Kusini" unyago umebaki mafunzo ya chumbani, utadhani mwali hafundwi hedhi, heshima wala kuishi na watu. Wanaume jina la Makonde limewapa bahati zaidi: mwanamuziki Harmonize, mtoto wa Mtwara, ameliita kundi lake Konde Gang, na vijana wanalivaa kwenye fulana. Mwanamke wamemwacha kwenye kinu.

Wala tusijifanye wageni ndio waliotuanza. Ngoma zetu wenyewe zina kinyago cha tumbo la mjamzito, nembo zimechongwa juu yake, na anayekivaa ni mwanamume. Ila watazamaji wa ngoma wameacha mjamzito wa kweli nyumbani, kwa hiyo wanajua mchezo unaishia wapi. Anayetazama simu akiwa Mwanza au ng'ambo atajulia wapi?

Majuzi mtoto wa dada yangu alikuwa anatazama katuni ya Pocahontas, ile ya 1995, nikamweleza. Binti yule wa watu wa Powhatan, wenyeji wa Amerika, alikuwa na jina jingine, Matoaka. Waingereza walipofika Virginia mwaka 1607 alikuwa mtoto wa miaka kama 11, si msichana mkubwa wa kupendana na yule Mwingereza wa kwenye katuni, John Smith. Alifariki Gravesend, Uingereza, mwaka 1617, na hakuacha andiko lake hata moja. Yote tunayosimuliwa yametoka vinywani mwa wengine. "Kama bibi wa Newala," akasema yule mtoto. Nikanyamaza.

Basi wewe utakayefuatwa kesho uwapeleke watu kijijini, usianzie kwa mwenyekiti wala kwa mtoto wake wa kiume. Anzia kwa mwenyewe. Avae anachovaa akienda harusini au kwenye mkutano wa chama cha msingi cha wakulima. Waulize wageni wazi: sauti yake itasikika, na tafsiri iandikwe chini, au mtu mwingine atasema juu yake? Wakibabaika, rudini nyumbani, posho itakuja nyingine. Makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili, asomewe, abaki na nakala. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na Tume yake ipo. Ukiitaja tu, watu wanakaa vizuri kwenye kiti. Mambo ya unyago yasiyosemwa hadharani yasisemwe, hata wakiongeza hela. Na wewe mkalimani, tafsiri yote, pamoja na kejeli. Kejeli kuliko vyote, maana ndiyo inayowaonyesha kwamba mbele yao kuna mtu anayewatazama pia.

Jambo moja nalifanya siku zote sasa: narekodi kwa simu yangu mazungumzo yote, mwanzo mpaka mwisho.

Video ile nilimpelekea bibi mwenyewe. Aliitazama mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Na ile habari ya salfa," akauliza, "wameiweka wapi?"